Namba ya Ukurasa wa Mwisho

Mwandishi wa wasifu huu, dereva wenu, ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote katika jengo hili: miaka kumi na tisa napeleka kurasa za jarida letu kwa mchapaji, sijakosea hata nukta. Kwa hiyo mmepata mtu sahihi wa kumuaga Shangazi, mhariri wa jarida hilo, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi.

Alianza kama mpiga chapa, kwenye chumba kile chenye dirisha lisilofungika. Ndiye aliyegeuza matangazo makavu ya serikali kuwa habari ambazo wazazi na walezi wa vituo vya watoto wanazielewa: kituo gani kimepata leseni, semina ya huduma ya kwanza ni lini, familia ipi inastahili kusaidiwa ada. Fomu ya leseni ilikuwa na kurasa kumi na moja. Alipambana nayo mpaka zikabaki nne. Sentensi ndefu alikuwa akiikata huku anasonya.

Sasa shikilieni viti. Jumanne iliyopita, kwenye kikao cha makabidhiano, mkurugenzi alitaka kuhakiki namba ya dawati la msaada iliyoko ukurasa wa mwisho, ukurasa ambao kwetu hauguswi na mtu, toleo baada ya toleo. Akapiga. Simu ikaita ndani ya mkoba wa Shangazi! Naye, kwa mazoea, akapokea bila kuangalia: "Huduma za malezi, karibu mpenzi, mtoto ana miezi mingapi?"

Mkurugenzi, simu sikioni, akajibu kwamba mtoto ana miaka hamsini na minne, na ndiye anayepiga.

Jamani! Miaka kumi na minne jarida limechapa namba binafsi ya Shangazi badala ya namba ya ofisi! Miaka kumi na minne dada wa dawati la msaada amefuma masweta, akiamini wazazi wa nchi hii hawana shida. Shangazi akaeleza taratibu kwamba alitaka kusahihisha, ila aliyepiga wa kwanza alikuwa mama analia, wa pili baba aliyeachiwa mapacha, basi akaendelea kupokea. Mumewe hajui mlo wa Jumapili usio na simu.

Hata midomo hatujafumba, ikaita tena. Mama mmoja anaanza kazi kesho, kituo cha mwanawe kimefungwa asubuhi hiyo. Shangazi akamuuliza mtaa tu, akamtajia bila karatasi kituo cha jirani chenye nafasi ya mtoto mchanga. Hapo woga ukatuingia: kuanzia Julai, mama kama huyo atampigia nani?

Shangazi akachomoa laini, akamkabidhi dada wa masweta: "Isiite zaidi ya mara tatu, mwanangu."

Shangazi, asante. Nenda ukale Jumapili zako, chakula kikiwa bado cha moto.

Mkurugenzi alipouliza nani alikosea, ulisema ni mchapaji. Si kweli. Mimi ndiye niliyempa karatasi yenye namba yako badala ya ile ya ofisi, karatasi uliyoniandikia nikupigie mzigo ukifika. Ulijua, ukanisitiri. Kuhusu ile bahati yangu ya kutokosea: nimedanganya.