Mwalimu Rahab Waithera na Darasa la Takwimu Nililolionea Wivu

Tarehe 30 Novemba 1994, Mwalimu Rahab Waithera anastaafu, baada ya kuwafundisha takwimu wanafunzi wa saikolojia katika chuo chetu cha ualimu hapa Nunguni kwa miaka ishirini na minane. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Kisilu, niandike wasifu wake kwa sababu nimefundisha katika chumba cha jirani muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Hawakuniuliza kama ninamwonea wivu. Wangeniuliza, ningesema ndiyo, na bado ningeomba kuandika.

Alizaliwa Sultan Hamud, binti wa mzee Gicheru, aliyetoka Murang'a na kufungua duka la viatu karibu na stesheni. Anasema ndiko alikoanza takwimu kabla ya kujua jina lake. Baba yake hakuwahi kuagiza kiatu cha wastani; aliagiza saizi iliyoulizwa na watu wengi zaidi, na pea chache za wenye miguu mikubwa.

Alipofika hapa mwaka 1966, wanafunzi waliliogopa somo hilo kama sindano. Walikuwa wamekuja kusoma akili ya mtoto, wakakuta ubao umejaa tarakimu. Mwalimu Rahab akawaambia wafute ubao na kunyanyua miguu, kisha akaanza na saizi za viatu vyao. Wiki iliyofuata akaja na masweta. Nunguni mwezi wa Julai watu hutetemeka, alisema, na Sultan Hamud wanatembea na mashati. Ukichukua wastani wa baridi yao, utampelekea kila mtu sweta ya mkono mmoja. Darasa likaangua kicheko, na tangu siku hiyo hakuna aliyetaja wastani bila kuuliza alama zimetawanyika kiasi gani. Mimi, ng'ambo ya ukuta, nilikuwa nikieleza hatua za ukuaji wa mtoto. Wanafunzi wangu walikuwa wametulia kabisa. Walikuwa wakisikiliza upande wa pili.

Walimpa jina Mama Wastani. Mimi sikupewa jina lolote, na mwalimu asiye na jina la utani anajua maana yake.

Lakini wivu wangu wa kweli ulianza mwaka 1984, ule mwaka wa njaa ambayo watu wetu waliiita Nikwa Ngwete, kwa kuwa mtu aliweza kufa na pesa mkononi, chakula hakuna cha kununua. Muhula ulipofunguliwa, wanafunzi wapya walipewa jaribio la kupima akili. Waliotoka milimani, Kikima na hapa Nunguni, walifanya vizuri. Waliotoka nyanda za chini za Kitui, Mutomo hadi Tseikuru, walianguka karibu wote. Mkuu wa idara yetu wakati huo, Mwalimu Musembi, mtu mwangalifu na asiye na roho mbaya, alipendekeza kwenye mkutano kwamba hao wa chini washushwe kutoka kozi ya P1, cheti cha juu cha ualimu wa shule za msingi, hadi P2, cheti cha chini yake. Alama zilikuwa mezani. Mtu angebishana nazo vipi?

Niliketi pale nikijua kuna kitu hakiko sawa. Niliwahi kuwaona watoto hao wakishuka kwenye lori, mashati yakiwaning'inia. Nilifikiri njaa. Bado nilikuwa natafuta maneno Rahab aliposimama.

"Mwalimu Musembi," alisema, "tumepima akili, ama tumepima njaa?"

"Huwezi kujua," Musembi akajibu.

"Tunaweza. Wacha wale chakula cha chuo mwezi mmoja, halafu tuwapime tena."

"Mtu akirudia jaribio anaongeza alama hata bila kula. Ameshalizoea."

"Ndiyo maana na wa milimani watarudia. Wakipanda sawasawa wote, ni mazoea, na mimi nitanyamaza. Wa chini wakipanda zaidi, tutajua tulikosea."

Musembi alifikiri, akakubali. Mimi niliitazama mikono yangu. Wazo la njaa tulikuwa nalo sote wawili. Yeye peke yake ndiye aliyejua namna ya kulifanya lionekane.

Mwezi ulipita kwa githeri ya mahindi na maharagwe, na uji. Jaribio likarudiwa. Wa milimani walipanda kidogo. Wa Kitui walipanda mno, hata tofauti kati ya makundi hayo mawili ikawa ndogo sana. Wanafunzi wale walibaki P1, na wengi wao leo ndio wanaosimamia shule za kwao.

Wachache hawakupanda. Mmoja wao alikuwa Mumbua, msichana wa Mutomo aliyependwa na chuo kizima, kiongozi wa kwaya. Baadhi yetu tulimshauri Rahab asiilete alama hiyo mezani. Aliileta. Alituambia kwamba tukificha moja inayotuuma, zile nyingine hakuna atakayeziamini. Kisha akamwita Mumbua, wakazunguka uwanja pamoja jioni nzima. Mumbua alishuka P2, akalia, akasoma, akafanya mtihani wa kupanda daraja miaka mitatu baadaye. Sasa ni naibu wa mwalimu mkuu huko kwao, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kuongoza nyimbo za sherehe hii.

Musembi alipoondoka, Rahab akapewa idara. Nami nilikuwa nimeiomba. Nilimpongeza mbele ya watu, nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu chakula hakina chumvi. Kilikuwa nayo.

Kuanzia Januari darasa la takwimu ni langu, kwa hiyo mwezi huu nilikwenda kuketi nyuma kwenye kipindi chake cha mwisho. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ni nani atakayewafundisha. Akanionyesha kwa chaki. "Mwalimu Kisilu," alisema. "Atawafaa kuliko mimi. Yeye hukosea ubaoni, anarudi nyuma, mnaona njia yote. Mimi hufika haraka mno, mnabaki mkicheka." Wakageuka wote kunitazama, na kwa mara ya kwanza waliniangalia kama watu wanaongoja kitu. Nililionea wivu hata hilo, kwamba anajua kumsifu mtu bila kumdanganya.

Mwalimu Rahab, idara nzima inakushukuru. Mungu akupe afya, usingizi mnono, na wajukuu wanaouliza maswali. Kila la heri huko Sultan Hamud unakorudi. Watu wa huko watakuwa nawe asubuhi hadi jioni, bila ukuta katikati, na mimi nimeshaanza kuwaonea wivu.