Mzee Tone na Silinda ya Nne

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mzee Tone anavua ovaroli kwa mara ya mwisho baada ya kuitumikia sehemu ya injini ya gereji yetu kwa miaka thelathini na miwili. Wengi wetu hatujui jina lililo kwenye kitambulisho chake. Karani aliyeandaa sherehe hii alimfuata kumwuliza, na mwenyewe alifikiri kidogo kabla ya kujibu.

Alianza kwa kuosha bolti kwenye karai la dizeli. Akapanda, akawa wa kufungua hedi, kisha wa kufunga krenki, mwisho akawa fundi mkuu wa injini za malori. Shule yake iliishia njiani kama za wengi wetu, lakini sauti hakunyimwa. Akiomba spana, wachomeleaji wa upande wa pili husimamisha kazi wakidhani wameitwa. Kila mtu kwake ni kijana. Baba yake bosi alipotutembelea akiwa na mkongojo, naye aliambiwa, "Kijana, sogea kwenye mwanga."

Injini za dizeli anaziheshimu kama mama mkwe. Haruhusu mtu afungue hata nati moja kabla ya kuisalimia. Mara nyingi tumemkuta ameinama akiiambia bloku, lile bonge la chuma la injini, "Shikamoo mama. Leo tusiaibishane mbele za watu."

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: ndani ya kila tundu la injini ya lori, yaani silinda, kuna bomba nene la chuma liitwalo laina, na pistoni hupanda na kushuka humo. Nje ya laina hupita maji ya kupoza, na chini kabisa hukaa oili. Kinachozuia maji yasiingie kwenye oili ni mipira myembamba, mfano wa bangili za mtoto, inayovishwa laina upande wa chini. Mpira mmoja ukikatika wakati wa kuishindilia, maji yanashuka, oili inaharibika na injini inakufa barabarani.

Mzee Tone aliyajua hayo kwa uchungu, kwa sababu aliwahi kuharibu injini mbili mfululizo. Tunalisema wazi kwa kuwa hata yeye hulisema. Ya kwanza aliipaka mipira grisi badala ya maji ya sabuni, ikavimba. Ya pili alikuwa na haraka, mpira ukajikunja. Malori yote mawili yalirudi yakivutwa kwa mnyororo, na oili yake imekuwa kama chai ya maziwa.

Bosi alikuja akasimama mlangoni, asiingie. "Ya tatu ikirudi nafunga sehemu hii," alisema. "Injini nitawapelekea watu wengine, nyinyi mtarudi makwenu."

Makwetu ni mbali. Wengi wa sehemu ya injini tumetoka kusikofikika kwa basi moja, na huko kuna watu wanaotungoja sisi ndipo wapike. Siku hiyo Mzee Tone hakupiga kelele hata mara moja, jambo lililotutisha kuliko maneno ya bosi.

Ya tatu ilifika wiki ile ile. Lilikuwa lori la mizigo, na dereva wake alikuwa bwana mmoja mnene aliyekuwa akilia joto. Tulipofungua injini tukakuta laina ya silinda ya nne imeliwa na maji, ina vitundu vitundu kama harage lililoingiwa na wadudu. Mzee Tone aliing'oa, akakwangua kutu mahali inapokaa, akapangusa mpaka chuma kikang'aa. Akavisha laina mpya mipira yake, akaipaka maji ya sabuni, akaisukuma kwa viganja viwili taratibu, amebana pumzi. Ilipokaa akapitisha ukucha kwenye ukingo wake kupima ilivyochomoza juu ya bloku. "Ukucha umekubali," alisema. Kisha akaleta geji ya kupimia, nayo ikakubali, maana isingethubutu kukataa.

Hapo ndipo likazaliwa jina lake. Alijaza maji kwenye bloku, akatandika gazeti kavu chini yake, akalaza katoni sakafuni na kujilaza ubavu, shavu ukingoni mwa gazeti, macho kwenye silinda ya nne. Alitangaza kwamba likionekana tone moja tu kwenye gazeti, laina itang'olewa. Akapiga marufuku kunawa karibu na hapo. Aliyepiga chafya alitolewa nje.

Baada ya chakula cha mchana akainuka anapiga kelele. "Tone!" Kweli, gazeti lilikuwa limelowa, duara dogo chini kabisa ya silinda ya nne. Akang'oa laina, akatupa mipira, akavisha mingine. Kesho yake mchana, tone. Akang'oa tena. Siku ya tatu, tone mahali pale pale. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amekagua chuma, sabuni, laina, hata maji yenyewe aliyaonja.

Stoo hapakuwa na mipira mingine, na bosi alikuwa ameahidi lori litatoka kesho yake asubuhi. Mzee Tone akaiokota ile mipira ya zamani kwenye pipa la taka, akaanza kuipangusa. Kila aliyekuwa pale alijua maana yake. Mpira uliokwisha kubanwa haubani tena. Angeurudisha ule, injini ya tatu ingerudi na sisi tungefunga virago. Lakini nani amwambie?

Aliyemwambia ni Dada wa Chai, anayetupikia. Alikuwa amesimama na birika mkononi.

"Baba, ng'oa ukitaka, lakini mimi nilipita hapa nikakuona. Hiyo injini haivuji. Unayevuja ni wewe."

"Mimi?"

"Umelala fofofo, mdomo wazi, udenda unashuka kwenye gazeti. Jana hivyo hivyo. Nilidhani unajua."

"Binti, mimi silali kazini."

"Basi ulikuwa unakoroma ukiwa macho."

Fundi wa breki akageukia ukuta, mabega yanamcheza. Mzee Tone akaapa kwa vyuma vyote vya gereji kwamba hajawahi kutoa udenda tangu aachishwe ziwa. Dada wa Chai hakubishana. Alimwambia amwage maji yaliyomo kwenye bloku, yeye atie chai ya rangi iliyo kwenye birika. Likianguka tone la rangi, ni injini. Likianguka jeupe, ni mzee.

Mzee Tone alitafakari. "Ina sukari?"

"Haina."

"Basi tia. Sukari sitaki, inaganda."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba injini ya lori zima ilinyweshwa birika tatu za chai kavu, na sisi tukashinda bila chai. Gazeti jipya likatandikwa. Mzee Tone akajilaza, akakodoa macho kwa hasira kama mtu anayelinda mlango. Tuliendelea na kazi zetu tukinyata. Haukupita muda tukasikia mkoromo. Tukamzunguka sote, Dada wa Chai mbele, tukashuhudia kwa macho yetu tone likitengenezwa kwenye kona ya mdomo, likining'inia, likianguka. Jeupe.

Tulipomwamsha alilitazama gazeti. Akainua kichwa akachungulia chini ya silinda ya nne, kukavu kabisa. Akaitupa mipira ya zamani pipani kwa mkono wake, akasema, "Kijana, lete pistoni." Aliyeambiwa hivyo ni Dada wa Chai. Na kwa kweli alileta.

Injini ilisafishwa chai yote, ikafungwa, ikawaka, lori likaondoka asubuhi kama ilivyoahidiwa. Mwezi mmoja baadaye likaonekana linaingia getini. Spana zilisimama. Bosi alitoka ofisini akaenda moja kwa moja kwenye injini, akachomoa kijiti cha oili na kukipangusa kwenye kitambaa chake cheupe cha mfukoni. Oili ilikuwa nyeusi, safi, haina dalili ya maji. Dereva alikuwa bado anajitoa kwenye usukani. Kumbe alikuwa amefuata tu koti lake alilolisahau kwetu. Bosi akakunja kitambaa, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nyinyi kazi hamna?" Hatujawahi kusikia maneno matamu kama yale. Habari ya kufunga haikutajwa tena.

Tangu hapo Mzee Tone ameweka laina ambazo hakuna aliyezihesabu, na hakuna hata moja iliyorudi. Mafundi watatu wanaosimamia injini leo ni yeye aliyewafundisha, kwa kuwafokea asubuhi na kuwagawia chakula chake mchana. Fundi mkuu mpya ni mmoja wao. Ameshaanza kutuita vijana.

Mama yangu yuko mbali na hajawahi kumwona Mzee Tone. Lakini kila akinipigia simu humwulizia yeye kwanza, kala, kalala vizuri, mgongo unaendeleaje, ndipo anapofika kwangu. Wenzangu wanasema makwao ni hivyo hivyo. Kuna nyumba nyingi, katika sehemu ambazo hatakanyaga, ambamo watoto wamelelewa na sehemu ya injini ambayo haikufungwa, na jina lake humo ni la mtu wa ukoo.

Mzee wetu, asante. Tumekufokea leo kwa maandishi kwa kuwa kwa mdomo hatukuwezi. Nenda kwa mkeo na wajukuu, ule kwa wakati, ukae kivulini bila kushika chochote kinachonguruma. Maisha yako ya mbele yawe mema na marefu. Simu za kutoka makwetu zikilia kukuulizia, tutawaambia umefika salama.