Hénock Ngeleka, Mtu Aliyegoma Kuifufua Mashine

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, tata Hénock Ngeleka, baba yetu wa kazini, anastaafu. Sisi wa ofisi ya hati bado hatujazoea kulitamka neno hilo.

Aliingia hapa Kolwezi akiwa mpiga chapa, enzi ambazo hati za malori ya shaba zilipigwa kwa taipureta. Kompyuta zilipofika, wengi wetu tulizikwepa, yeye alizikimbilia. Ndivyo alivyokabidhiwa serveur, mashine kuu inayotunza hati zote za kampuni, pamoja na chumba chake kidogo cha nyuma.

Wa zamani tunaikumbuka sheria yake: viatu vinabaki mlangoni. Vumbi jekundu la kiangazi halina adabu, naye hakumsamehe mtu. Hata mkurugenzi wetu, mama Mushiya, alivua, na siku hiyo soksi yake ilikuwa na tundu. Tulicheka wiki nzima, mwenyewe akiwa wa kwanza.

Mashine ilizeekea mikononi mwake. Feni ikikwama, alichomoa nyingine kwenye kompyuta mbovu za sokoni. Kila mwaka aliomba mpya, kila mwaka akaambiwa asubiri, maana ya zamani bado inafanya kazi. Programu zake zilikwisha kuachwa na watengenezaji; nani alijali? Alivyokuwa hodari wa kuifufua, ndivyo tulivyoamini kwamba haifi.

Mwaka 2019 alikwenda Kananga kumzika mama yake. Huku nyuma umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, serveur ikazimika kabisa. Nakala za akiba nazo zilikuwa humohumo ndani. Malori yetu yalikuwa Dilolo, mpakani, yakingoja hati za kuvuka. Madereva walipika bukari, ugali wetu, chini ya trela, siku baada ya siku. Wake zao walikuja getini na watoto mgongoni, wakiuliza waume zao watarudi lini. Zilikuwa siku nzito.

Tata Ngeleka alirudi kabla matanga hayajaisha. Aliiamsha mashine kiasi cha kuzitoa hati, malori yakavuka, tukapiga makofi. Mkurugenzi akamwagiza aendelee kuibrikole, yaani kuiungaunga, mpaka mwaka ujao. Mtu huyu, aliyezoea kuitikia “ndiyo, mama”, alisimama mbele yetu sote akasema: “Mama, mi shitaitengeneza tena hii mashine. Imechoka. Kama munataka kunifukuza, munifukuze.” Alikuwa amebakiza miaka michache tu apate pensheni yake. Tulimwogopea kweli.

Mama Mushiya hakumfukuza; aliagiza serveur mpya. Tangu hapo hupumzishwa kila Jumamosi ya salongo, siku yetu ya usafi wa pamoja: sisi tunafagia uwanja, yeye anaipangusa na kusasisha programu. Nakala zinalala jengo jingine. Amemfundisha mwenzetu Naomie Kabongo, atakayeshika nafasi yake, kila kitu, na mwezi uliopita alichukua likizo makusudi aone kama tutampigia simu. Hatukumpigia. Alirudi akicheka, macho yamemjaa machozi.

Tata, asante kwa yote. Nenda ukapumzike na mkeo, mama Wivine, afya njema iwe nanyi, na wajukuu wakuchoshe vizuri. Umetufundisha kuendelea bila wewe, na leo hilo linatuuma. Kuanzia Julai tutakukumbuka hata siku ambazo hakuna kilichoharibika.