Vitambaa Saba vya Chini ya Mgunga

Mwangaluka, ndugu zangu. Mchungaji ameniruhusu niseme na ameniomba niwe mfupi. Mke wangu pale anacheka, anajua ufupi sina.

Kisa changu mnakijua kwa nje. Leo nawapa cha ndani. Siku ile ukelele wa mwano ulipopigwa kwamba ng'ombe wa jirani wameibwa, mimi nilikuwa shambani na bomba mgongoni. Dawa ya pamba nilikuwa nimeshaichanganya. Nikajiambia, nimalize mistari hii minne ndipo nikimbie. Minne ikawa nane. Nilipofika, wanaume walikuwa wamesharudi mikono mitupu, na mimi nanuka dawa.

Sheria yetu ni moja: asiyeitika mwano analipa dume. Nilikuwa na madume wawili wa kulimia, na nilikuwa na mdomo. Nikawaambia wazee, "Sikuiba, sikuua, silipi." Nawaambia, kiburi ni kama ile dawa. Anayeibeba ndiye wa mwisho kuisikia harufu.

Tukatengwa. Salamu hakuna. Mashine ya kusaga ilikuwa mbovu kila nikifika na debe langu, nikigeuka tu naisikia inanguruma. Kisimani mke wangu ana mimba, na hakuna wa kumtwisha ndoo. Akawa anateka nusu, anapiga magoti, anajitwisha mwenyewe. Hata humu kanisani tuliachiwa benchi zima. Tuliimba wawili kama tumekodi.

Kisha mvua ikakata. Pamba ikakauka ikiwa magotini. Dume mmoja akafa, halafu wa pili, na hakuja mtu kunisaidia kuchuna. Hapo ndipo moyo ukalainika, nikataka kulipa, na dume sina.

Mtoto akazaliwa katika hali hiyo. Mama hali, maziwa yatoke wapi? Mtoto akilia, sauti haitoki. Nilikuwa nakaa nje mchana kutwa nisimwone. Ndugu zangu, niliogopa. Niliogopa kumzika mwanangu peke yangu, maana kwa aliyetengwa hakuna anayekuja na jembe.

Sasa nawaambia jambo ambalo hata mke wangu nilimwambia mwaka huu tu. Asubuhi moja niliamua kukimbia. Nifike barabarani, nidandie lori la kwenda Lamadi, nipotelee kwa wavuvi. Nikamwambia, "Nakwenda kuwaokotea mbuzi maganda ya mgunga." Akasema, "Nenda, baba watoto. Usichelewe." Hilo neno lilinichoma, lakini nikaenda.

Njiani ndipo penye ule mgunga, kwenye ngitili yetu, pale tunapofungia malisho ya kiangazi. Mnaujua ulivyo. Nyasi zikiisha, kila kitu kikiwa kimekauka, ndipo wenyewe unaangusha maganda. Hauulizi mbuzi ni wa nani. Nikasema niokote kidogo, walau uongo wangu uwe na ukweli. Nikaingiza mkono kwenye maganda, nikashika kitambaa.

Ndani mlikuwa na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Pembeni yake chupa ya soda imezibwa kwa gunzi, ina maziwa, na chupa bado ina joto.

Nilikaa chini. Nililia kama mtoto wangu alivyoshindwa kulia. Aliyeweka vile alikuwa amehatarisha dume wake, kwa sababu anayemlisha aliyetengwa naye anatozwa. Akaficha sadaka yake kwenye maganda ili ionekane mti ndio umeangusha. Sikwenda Lamadi.

Nilipofika nyumbani mke wangu akauliza, "Umetoa wapi?"

"Mgunga umeangusha."

Akaitazama ile chupa. "Na huo mgunga unakamuliwa saa ngapi?" Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tutengwe.

Alichemsha michembe, akala, akanywa maziwa. Siku ya tatu mtoto alilia mpaka kuku wakakimbia. Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile.

Kuanzia hapo mgunga haukuacha kuangusha. Michembe, chumvi, unga, siku moja dagaa. Nami nikajifunza adabu: nilikuwa nachelewa makusudi, naenda jua likishapanda, nisije nikamkuta mtu akaona haya. Maganda yenyewe yakawabakiza mbuzi wangu wawili hai. Mvua ilipoanza nilimshika mmoja kamba, nikaenda nikapiga magoti mbele ya wazee. Nikasema, nilikosa, dume sina, huyu ni mmoja wa wawili niliobaki nao. Wakanong'onezana, wakampokea. Kesho yake kisimani kuna mama alimtwisha mke wangu ndoo iliyojaa mpaka ikamwagika. Alirudi ameloa, anafurahi.

Miaka yote mimi nilidhani msamaria wangu ni mmoja. Nilikuwa nawatazama mmoja mmoja humu, najiuliza ni huyu au yule. Mpaka mwezi uliopita mke wangu alipovitandaza mkekani vitambaa alivyovitunza. Viko saba. Akasema, "Angalia mafundo. Angalia na pindo. Na ile michembe, mingine ilikatwa minene, mingine myembamba kama karatasi. Hii siyo mikono ya mtu mmoja."

Kumbe mlikuwa wengi, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyevunja sheria. Naona wengine mnatazama chini. Msiogope, simtaji mtu. Kwanza simjui. Na tukianza kutozana, kijiji hiki kitabaki bila dume wa kulimia.

Asanteni. Nasema nikiwatazama wote, kwa kuwa sijui pa kuishia. Mtoto wenu ndiye yule dirishani, anayesumbua wenzake.

Somo langu ni dogo. Juma lililopita tumeitenga nyumba nyingine. Mnaijua. Sibishani na wazee, waliamua kwa sheria. Lakini kiangazi kimeingia, na kule ndani kuna watoto. Na mgunga bado uko palepale.

Vile vitambaa mke wangu amevifua. Viko kwenye kikapu pale mlangoni. Mchungaji atatuombea, na sala yake mnajua ni ndefu. Anayekitambua chake akichukue wakati huo, aende nacho nyumbani, asikirudishe kabatini kikiwa kitupu.

Sisi wengine tufumbe macho.