Zakaria Lukeba na Salamu za Ng'ambo ya Ziwa

Ndugu, jamaa na majirani, na ninyi mliosimama nyuma bila kusema mmetoka wapi: amahoro, amani iwe nanyi. Huyu tunayemzika leo alisemwa sana akiwa hai. Familia inaomba nafasi ya kumsema mara moja, kwa mpangilio, kabla ya udongo.

Zakaria Lukeba alizaliwa Kigwena tarehe 9 Aprili 1977, mtoto wa pili wa mzee Sylvestre, mkulima aliyeshuka kutoka Bugarama kutafuta shamba la michikichi, na mama Esperance, aliyevuka ziwa kutoka Baraka kuja kuolewa. Jina la Lukeba lilikuwa la babu yake mzaa mama. Ndugu za baba yake kule mlimani hawakulipenda. Walisema mtoto mwenye jina la ng'ambo atakuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule. Kwa hiyo shaka juu yake ilianza hata kabla hajatoka jino.

Alisoma shule ya msingi Kigwena, kisha sekondari Rumonge, ambako alisifiwa kwa mwandiko. Dada yake mkubwa, Fabiola, ambaye ninyi wote mnamjua kwa mawese yake pale sokoni na kwa kutopunguza bei, alikuwa akimtuma amwandikie barua za biashara. Mvulana akijaza ukurasa mzima kwa salamu kabla ya kufika kwenye madumu ya mafuta. "Zakaria, mimi nauza bidoni, siuzi salamu," dada alimwambia. Naye, akimwita yaya kama dada mkubwa aitwavyo kwetu, akajibu: "Yaya, mutu akisalimiwa vizuri hakuibii." Dada hakukubali, na mpaka leo hajakubali.

Vita vilifunga shule mwaka 1995, na mwaka 1997 akaingia jeshini. Kwa kuwa aliandika vizuri na kusema Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, aliwekwa kwenye redio, kwenye kambi ya Kabonga karibu na mpaka. Hapo ndipo yalianza mambo ya barua.

Wengi wenu mnakumbuka wakati ule. Nusu ya kila nyumba ilikuwa imekimbilia ng'ambo, Kongo au Tanzania, na wengine walikuwa wameingia msituni na bunduki. Posta haikuwepo. Mwenye mtu upande wa pili hakuthubutu kumtaja kwa sauti. Zakaria alikuwa na mjomba Baraka, mzee Cubaka, na alimwandikia kama mpwa yeyote. Barua ilipita dukani kwa mzee Salmin pale Rumonge, ikavuka ndani ya gunia la chumvi, na jibu likarudi ndani ya ndagala, dagaa wa ziwani. Ndipo mama mmoja wa Nyanza-Lac alipomletea kikaratasi: ukiandika, nisalimie mwanangu Anwari. Zakaria akalitia jina kwenye salamu zake. Mzee Cubaka akauliza kambini kwa wakimbizi na sokoni, na jibu lilipokuja, Anwari alikuwa anasalimia pia. Aliyesalimia alikuwa hai. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Baada ya mwezi vikaratasi vikawa vingi.

Komanda wake hakuwa mjinga. Askari anayepokea barua zenye harufu ya samaki lazima aulizwe. Zakaria alifungiwa, na barua zikasomwa mbele ya wakubwa wote.

"'Mwambie Anwari mutoto ameanza kutembea,'" alisoma komanda. "Huyu mutoto iko natembea kwenda wapi?"

"Nyumbani kwao, komanda. Ana mwaka mmoja."

"Na hii, 'bibi yake anasema meno yamemwisha'? Meno ni nini? Risasi?"

"Ni meno, komanda. Bibi ni muzee."

Hakuna aliyemwamini, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha kosa. Walimwachia, na tangu siku hiyo barua zake zikasomwa kabla ya kuondoka. Yeye akaendelea kuandika, akaongeza mwanzoni salamu kwa yule atakayezifungua.

Mwaka 2001 alichukuliwa na ujumbe uliokwenda kuzungumza na upande wa pili. Hakwenda kama mkubwa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, kazi yake ilikuwa kutafsiri na kubeba makabrasha. Siku ya kwanza, pande mbili zilikaa bila kupeana mikono. Halafu wanaume watatu wa upande ule, waliposikia jina la Lukeba likitajwa, wakainuka, wakazunguka meza, wakamshika mkono mbeba makabrasha. Mkuu wa ujumbe alimvuta pembeni.

"Hawa watu unawajulia wapi?"

"Siwajui, mheshimiwa. Niliwasalimia mama zao."

Jibu hilo lilimpa kazi na likamharibia kazi. Lilimpa, kwa sababu kila palipokuwa na mazungumzo magumu walimwita. Lilimharibia, kwa sababu hakuna aliyemwamini mtu anayejulikana na kila upande. Kuanzia mwaka 2006 alitumikia ubalozini Dar es Salaam, kisha Lusaka. Wenzake aliowafundisha kazi walipanda wakawa mabalozi. Yeye alirudi mwaka 2021 na cheo kile kile alichoondoka nacho.

Alifunga ndoa na Clotilda tarehe 17 Julai 2004, pale Rumonge. Mungu akawajalia watoto wawili, Samy na Kaneza. Clotilda alimwomba mara nyingi achome vile vikaratasi, vilivyokuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Zakaria alimwambia: "Nikivichoma watasema niliviuza. Nikivitunza watasema nitaviuza. Barua ya mutu ni ya mutu." Kwa nini basi hakuvirudisha mwenyewe? Alijaribu mara moja, Kabonga. Alibisha hodi, na wenye nyumba wakakimbia kwa mlango wa nyuma. Askari akibisha, nani anangoja kujua amekuja na nini?

Hata vita vilipokwisha, watu walikumbuka kuwa majina yao yako kwake. Wakaacha kupita mbele ya nyumba yake. Alipougua sukari mwaka 2022, na figo zilipomshinda mwaka jana, waliokuja kumjulia hali walihesabika kwa vidole. Mzee Salmin, na umri wake wote, hakukosa Ijumaa hata moja. Zakaria alifariki Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa tisa mchana, hospitalini Bujumbura, Clotilda akiwa kando yake.

Sasa familia inataka kueleza kwa nini jeneza hili halina bendera, kabla hamjaeleza ninyi kwa ninyi.

Jumatano alifika nyumbani mheshimiwa mmoja kutoka Bujumbura. Nani alimwambia habari ya sanduku, hatujui, ingawa tunao tunaowadhania. Hakuanza na pole.

"Madamu, zile karatasi ni za serikali."

"Kama ni za serikali, mbona zinalala chini ya kitanda cha mke wa mutu?" Fabiola akamuuliza.

Mheshimiwa akaona aseme lugha nyingine. Wakipewa sanduku, alisema, marehemu atazikwa kwa heshima zote: bendera, tarumbeta, askari sita wa kubeba jeneza. Clotilda alilia. Bendera ingewanyamazisha walioita watoto wake watoto wa msaliti. Fabiola, kwa upande wake, alitaka kujua bidhaa kabla ya kuiuza. Alimwomba mheshimiwa arudi kesho, akafungua sanduku, akasoma kila kitu. Alitegemea kukuta mwanamke, au mali. Alikuta salamu tu, na chini ya kila salamu jina la mtu aliyeandikia upande wa adui wakati wa vita. Wengine leo ni wakubwa, na husema hawakuwahi kuandika. Hapo ndipo alipojua bei.

Hakuanza na kukataa. Alimwambia Clotilda: "Bendera utaipata siku moja. Hawa watu watapata nini?" Clotilda akafuta uso, akasema, "Zitoe, yaya." Basi Alhamisi mheshimiwa aliporudi, Fabiola alianza kupatana.

"Askari sita ni wachache. Marehemu alikuwa murefu."

"Nane, Madamu."

"Na tarumbeta ni moja? Tunazika muvuvi?"

Alipatana naye hadi jioni, na Ijumaa asubuhi akaongeza habari ya hema na viti. Wakati huo wote mzee Salmin, ambaye kila jina lilipita dukani kwake na hakusahau hata moja, alikuwa njiani na mjukuu wake Asya kwenye gari la chumvi. Kabonga, Nyanza-Lac, hapa Kigwena, mpaka Bugarama. Kila nyumba ilipata pakiti ya chumvi na kikaratasi chake ndani. Ijumaa alasiri mheshimiwa alikuja na bendera imekunjwa. Fabiola akamfungulia sanduku. Lilikuwa tupu na limepigwa deki. Alirudi na bendera yake. Kama yupo kati yetu leo, karibu, viti vipo, tuliviazima kanisani.

Marehemu ameacha mama yake, Esperance; mjane wake, Clotilda; watoto Samy na Kaneza; dada yake Fabiola; mjomba Cubaka, aliyevuka jana kutoka Baraka; na wapwa.

Na jambo la mwisho. Familia haikulipa mtu kuchimba kaburi hili. Leo alfajiri tulikuta watu wa Kabonga na wa Bugarama wameshafika kiunoni, pamoja na baadhi ya wale waliokuwa wakikwepa mlango. Fabiola hajui kama walikuja kwa upendo au kuhakikisha kwamba Zakaria haendi na chochote chao, na hakuuliza. Majembe waliyaleta wao wenyewe, na kaburi ni la kina kizuri.

Murakoze, asanteni. Zakaria, pumzika kwa amani, hapa kwenu.