Tunric, Askofu na Bata Mchanganya Kurasa

Kesho, Sikukuu ya Mishumaa, ndugu yetu Tunric anaweka chini unyoya wake baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha kuandikia cha kanisa kuu la Stanmere. Muda wote huo amemwandikia bwana mmoja tu, Askofu Cynebald, na amemwandikia vitu viwili tu: mahubiri na sheria. Mahubiri ni yetu sisi watu wa Stanmere. Sheria ni za Mfalme, ambaye humwachia Askofu azitunge kwa kuwa yeye mwenyewe ama yuko vitani ama yuko mezani. Nimeombwa nimsemee Tunric wakati tunangoja chakula, kwa sababu nimekaa naye benchi moja mpaka kiwiko chake nakijua kuliko cha mke wangu.

Alikuja hapa kijana wa shambani mwenye mwandiko mzuri na macho makali. Siku ya kwanza Askofu alimwambia asikizoee sana kile kiti, maana dunia ilikuwa inaisha kabla ya Krismasi. Krismasi ikaja, tukala nguruwe, dunia ikabaki palepale. Askofu akasema basi ni Pasaka. Ndiyo maana katika ofisi yetu suala la kustaafu halijawahi kuzungumzwa. Paa la upande wa kaskazini nalo linavuja tangu enzi hizo, kwa sababu hiyohiyo.

Kwa wasioijua kazi yetu, Askofu hakai kitini akasema uandike. Hutembea. Ataanza na adhabu ya mwizi wa ng'ombe, akifika dirishani keshaingia motoni na mashetani, akigeukia mlangoni amerudi kwa ng'ombe wake. Mwandishi mwingine angepagawa. Tunric aliweka ngozi mbili za kuandikia mbele yake, ya kushoto sheria, ya kulia mahubiri, akawa anaruka kutoka hii kwenda ile bila kudondosha wino. Sisi wengine tulikuwa tunaandika kitu kimoja na bado tunakosea.

Sasa nije kwa bata. Manyoya yetu ya kuandikia tunayapata kwa bata bukini, na dume lao, kwa jina Grim, lilikuwa na hasira za kuzaliwa nazo. Wakati wa baridi lililala humu ndani karibu na moto. Mwaka ule wa mafuriko, Grim alipanda mezani akamtimua tarishi wa Mfalme aliyekuja kuchukua sheria mpya. Kurasa zikatawanyika sakafu nzima, na tarishi yuko juu ya farasi tayari, anapiga kelele kwamba anachelewa. Tunric akazoa alichoweza, akafunga mafungu mawili, akamrushia moja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumapili ya Matawi Askofu alisimama mimbarini akatusomea kanuni za ng'ombe waliopotea, kuanzia kwato mpaka pembe. Watu walilia. Mama mmoja alimrudisha maksai wa jirani ambaye hakuna hata aliyekuwa anamtafuta.

Huko kwa Mfalme nako, baraza lilipitisha mahubiri ya toba kama yalivyo. Watu wa baraza lile husomewa wakiwa wameshashiba. Wakigonga meza, imekuwa sheria. Kifungu kimoja kiliagiza kila mtu alie kwa ajili ya dhambi zake siku ya Ijumaa. Liwali wetu Osgar, mtu mwaminifu asiye na mzaha hata chembe, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kukagua mashavu.

"Hili kavu," alimwambia mwokaji mikate. "Unanifanya mimi mtoto?"

"Nimelia alfajiri, bwana liwali. Tanuru limenikausha."

"Basi lia tena, nipo."

Vitunguu vikaadimika mji mzima. Mpishi wetu Wulfrun mpaka leo hulia kila Ijumaa, eti hataki kesi. Askofu aliposimuliwa, alisema amefurahi kuona mahubiri yake yanawagusa watu na sheria zake zinafuatwa. Alipouliza mbona kanuni za ng'ombe zilifika mimbarini, Tunric alijibu kuwa ni bata, na kweli alikuwa bata. Tangu hapo humu ndani wino ukimwagika ni bata, mshumaa ukipotea ni bata, jibini likiliwa ni bata.

Mwaka jana macho ya Tunric yaliingia ukungu. Alikuwa anaandika pua imegusa ngozi, jioni tunamfuta wino puani. Dada yake Godrun, mjane mwenye mizinga ya nyuki kule Beorcham, alikuwa amemwekea kitanda karibu na moto, na Tunric hakutaka kingine duniani ila kukifikia kile kitanda angali anaona njia. Akaenda kwa Askofu. Sisi tuliokuwa tukipita karibu na mlango, tukapita polepole sana, tulisikia yote.

"Baba Askofu, macho yamekwisha. Niruhusu niende kwa dada."

"Mwanangu, dunia inaisha mwezi ujao, wewe unataka kwenda kufuga nyuki?"

"Ndiyo sababu nataka kuwahi, Baba."

"Maliza kwanza mahubiri haya."

Na mahubiri yenyewe, jamani, yalikuwa yale ya kila mwaka kuhusu kuwahurumia watumishi wazee. Askofu huyasoma kwa sauti ya kutetemeka, sote tunatikisa kichwa, kisha Tunric anarudi kwenye benchi lake. Mahubiri ndivyo yalivyo, ni kitu cha kutikisia kichwa. Sheria ndiyo inayomfanya mtu anyanyuke. Nilimwona akiyanakili mara nyingine tena huku machozi ya macho mabovu yanamdondoka, na nasema wazi, iliniuma.

Wiki moja kabla ya Krismasi tarishi akaja, akapewa fungu lake la sheria, akaenda. Baraza likashiba, likagonga meza. Mwezi uliopita tukakusanyika mlimani kwenye baraza la wilaya, baridi inakata masikio, na Liwali Osgar akasoma. Akasoma habari za mwizi wa asali, akasoma mipaka ya mashamba, kisha akaendelea moja kwa moja: "Mtumishi aliyepofuka kazini na aende kwao, aketishwe karibu na moto, apelekewe mkate, jibini na pombe mpaka kufa kwake. Na bwana atakayemzuia alizunguke kanisa lake pekupeku, kila asubuhi, mpaka amwachie."

Osgar akanyanyua macho. Akamtazama Tunric, akamtazama Askofu, kisha akavitazama viatu vya Askofu.

Maneno ni ya Askofu mwenyewe, ya yale mahubiri ya kila mwaka, na Mfalme keshayapitisha. Aliangalia mawingu kwa muda mrefu, nadhani akingoja dunia iishe, lakini ilianza tu kunyesha.

"Nani kachanganya kurasa?" aliuliza, tena kwa upole.

"Bata, Baba," alisema Tunric.

Askofu akamtazama kidogo. "Ah," akasema, "yule bata."

Tunric, ndugu yetu, asante kwa kila ukurasa, wa kushoto na wa kulia. Asante kwa kiwiko chako, ambacho benchi halitakuwa benchi bila hicho. Liwali atakuletea mkate mwenyewe kila Jumamosi na atapima umbali wako na moto, kwa hiyo sogea. Msalimie Godrun, ishi siku nyingi, unywe pombe ya asali mpaka usahau jinsi ya kushika unyoya, na dunia isithubutu kuisha kabla hujafika chini ya mtungi.

Na kuhusu Grim, nisije nikaambiwa nimeficha kitu mbele ya mkutano huu. Tulimla Siku ya Mtakatifu Martin, mwezi mzima na zaidi kabla tarishi hajaja kuchukua sheria hizi za mwisho. Paja nililipata mimi, na Tunric ndiye aliyenikatia. Kifua alikula Baba Askofu, huyu tuliye naye hapa mezani, na aliomba aongezewe.