Kiti cha Baba, Jumapili Saa Kumi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili, kwenye ukuta wa Sumaku, mnunuzi wa chuma chakavu. Ukilikalia upande wa kushoto, msumari unakunasa suruali, kwa hiyo wanaolijua hubanana wote kulia kama vitabu kabatini. Hapo ndipo Mama Birika huweka jiko lake la kahawa, na hapo ndipo siri za mtaa mzima huletwa zipoe. Alhamisi hiyo, saa nane mchana, Fundi Picha alifika akakaa kushoto bila hata kupapasa. Wenzake wakajua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Asubuhi mkewe aliingia studio, akapanga foleni nyuma ya wateja wanne, zamu yake ilipofika akakaa kwenye stuli kama mgeni. Akaagiza picha ya familia, Jumapili saa kumi jioni. Fundi, kwa mazoea ya kazi, akamwuliza watakuwa watu wangapi.

— Wanne, akajibu mkewe. Ila mmoja bado hajathibitisha.

Huyo mmoja ni nani, mtaa mzima unajua. Kwa miaka tisa Fundi Picha kapiga maharusi, wahitimu, vichanga, hata paka wa muuza nyama. Nyumbani kwake ukutani kuna picha kumi na saba za familia na yeye hayumo hata moja, kwa kuwa aliyeshika kamera ndiye yeye. Studio haifungwi Jumapili wala sikukuu. Shuleni mtoto wake mkubwa aliambiwa achore familia yake, akamchora baba amegeuza mgongo.

Na mkewe hakupiga kelele, hilo ndilo lililomtia Fundi ubaridi. Alisema kwa upole tu, huku akijiweka sawa mtandio mbele ya kioo cha wateja:

— Baba watoto, Jumapili ukiwa nyuma ya kamera tena, tunakwenda kupigwa studio ya ng'ambo ya barabara. Na kiti chako nitamkalisha kaka yangu.

Sumaku alitaka kwanza kujua ni kaka yupi. Akaambiwa yule mwenye kofia asiyoivua hata akilala. Wote wakasikitika kwa ajili ya picha.

Mama Birika akasema Fundi afunge studio kwa muda wa saa moja tu, mambo yaishe. Wakamtazama kama aliyetukana. Jumapili saa kumi, Fundi akamweleza, ndiyo saa yenyewe, watu wamependeza. Wakikuta mlango umefungwa watavuka barabara, na akishavuka mtu harudi.

Hapo Hakimu akakohoa. Huyu alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini, na suruali zake zina mstari wa pasi mpaka leo. Akasema dawa ni hati ya uwakilishi. Fundi amteue mtu akae kitini kwa niaba yake, na aliyewakilishwa kisheria yupo.

— Nani sasa wa kuteuliwa? akauliza Sumaku.

— Nipo, akasema Hakimu, akajinyoosha kola.

Sumaku akauliza kama na watoto watamwita Hakimu baba. Hakimu akasema hilo ni shauri jingine, lifunguliwe faili lake.

Sumaku yeye alikuwa na kioo cha kabati huko nyuma, kirefu kuliko mtu. Kisimamishwe nyuma ya familia, Fundi apige akiwa mbele, sura yake itokee kiooni. Mama Birika akasema atatokea kama jini anayewanyemelea. Fundi akalipima hilo kwa dhati, akauliza kama jini anahesabika kuwa kapigwa picha na familia.

Kuihamishia familia studio alishajaribu, akakiri. Mwaka jana walikuwa wanakula chakula cha mchana nyuma ya pazia la kupigia picha, lile lililochorwa maporomoko ya maji. Siku tatu zilikwenda vizuri. Siku ya nne akaja kupigwa picha bwana mmoja, ya kumpelekea mchumba, na ndani ya maporomoko ukatokea mguu wa mtoto, na kijiko juu ya kichwa cha bwana. Mchumba akauliza mtoto ni wa nani, na ndoa ikasimama.

Basi akatwe ubao, akasema Sumaku, ubao wa kimo chake, ubandikwe picha yake nzima. Wakaanza kubishana ubao uende wapi, nyumbani au studio. Hakimu akaonya kwamba ukikaa studio siku saba mfululizo, na wenyewe utadai mapumziko.

Wakati huo alikuwa amefika mwanamke mmoja mwenye bahasha, mteja, aliyesubiri mlangoni kwa Fundi mpaka akachoka, akazifuata sauti. Alinunua kahawa, akasimama akawasikiliza hadi ikaisha.

— Samahani, fundi. Hiyo kamera yako haina kile cha kujipiga yenyewe?

Wote wakamgeukia Fundi.

— Kinacho, akasema Fundi polepole.

— Cha sekunde ngapi?

— Kumi.

Hakimu ndiye aliyeokoa heshima. Akasema sekunde kumi hazitoshi, studio ina nyaya za taa. Wakapima. Fundi akarudishwa hatua nane, Mama Birika akahesabu kwa kugonga birika, Fundi akatimua mbio, akaruka waya usiokuwapo, akatua benchini kwenye saba. Akajifuta jasho, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Zimebaki tatu, akasema.

— Hizo tatu za kumpakata mtoto wako mdogo, akasema mwanamke.

— Naam.

— Bado anapakatika?

Fundi akajaribu kumkadiria. Akaweka mikono juu ya mapaja, akaitenganisha, akaisogeza. Anapotoka asubuhi mtoto amelala, anaporudi mtoto amelala, na ndani ya shuka mtoto hana urefu. Akamtazama Hakimu, Hakimu akatazama kikombe. Sumaku, anayekisia uzito wa chuma chochote kwa jicho, hakukisia.

Fundi akainuka. Akamwomba mteja radhi, aje kesho asubuhi. Kisha akashika njia ya nyumbani, saa tisa mchana kweupe, majirani wakitoka milangoni kumshangaa. Alikwenda mikono ameitanguliza mbele, viganja vikitazamana, mara anaisogeza karibu, mara anaitanua.